Kuta Zilizohamia Karavia

Fundi Abibu alipoitwa hospitalini, alidhani anakwenda kuziba nyufa. Hospitali hazikosi nyufa. Lakini daktari alimpitisha nyuma ya jengo la upasuaji mpaka kwenye kiwanja cha majani marefu, mahali masista walipokuwa wakianika mashuka, akamwambia kwamba hapo kitajengwa chumba kimoja tu. Kisha akatanua mikono yake yote miwili, kama mtu anayetaka kukumbatia mti.

"Fundi, unene wa ukuta njo huu."

Abibu alicheka. "Docta, mule ndani kutakaa nani? Simba?"

"Kutakaa mashine," daktari akasema. Yeye hakucheka.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Bei ya shaba ilikuwa juu, treni za shaba na kobalti zilikuwa zikiondoka Lubumbashi kila siku, na kila mwenye mwiko wa kujengea alikuwa na kazi. Abibu alikuwa mwashi wa mtaa wa Kamalondo, mjukuu wa watu waliotoka Kasongo kule Maniema, Mwislamu asiyekosa Ijumaa. Sisi majirani tulimjua kama mtu mpole kupita kiasi. Ukimwambia ukuta uanzie hapa, alianzia hapo. Ukibadili mawazo, alibomoa bila kununa.

Daktari aliitwa Stanislas. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina jingine, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini wagonjwa waliendelea kumwita Docta Stanislas, naye aliendelea kuitika. Alikuwa amesomea Ulaya namna ya kutibu kansa kwa mionzi, na tangu arudi alikuwa akiiombea hospitali mashine. Sasa, katika mwaka huu wa neema, alikuwa ameipata.

Abibu alikuwa ameshika timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye kamba ili ukuta usiende upande. Daktari alimwomba, akakining'iniza juu ya mgongo wa mkono wake mwenyewe.

"Angalia. Kamba inashuka paka pale unaionyesha, haiendi ngambo. Mionzi iko vile vile. Kansa ikiwa hapa, tunapima, tunatia alama ya wino ku ngozi, tunalenga paka hapa. Mara tunalenga toka mbele, mara toka nyuma, mara toka mu mbavu. Njia zote zinakutana pale ugonjwa unakaa. Pale pengine mwili unaguswa kidogo tu, unapona."

"Na ukuta huu wote juu ya nini?"

"Juu ya ile inabakia. Mionzi inapita mu matofali sawa vile jua inapita mu pazia. Betoni nene njo inaisimamisha. Na mulango tutauweka mbali, nyuma ya kona, maana mionzi haijue kukata kona."

Jioni Abibu alimweleza mke wake. Kulthumu alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi mkali na kicheko kilichosikika barabara ya pili. Kila asubuhi alikaanga vitumbua mbele ya mlango wao, na ole wake jirani aliyepita bila kununua. Alisikiliza habari ya mashine mpaka mwisho. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba dawa yenyewe, ile inayotoa mionzi, ilikuwa kobalti.

"Kobalti hii yetu? Hii inabebwa na treni?"

"Docta anasema banaipeleka kwabo, banaitia mu moto fulani wa bazungu, inatoka na nguvu."

"Ah! Basi imeenda Ulaya kusoma," Kulthumu akasema. "Inarudi docta."

Kicheko chake kilimfanya binti yao Rabia atoke chumbani kuuliza kumetokea nini.

Msingi ulichimbwa, nondo zikafungwa, zege likaanza kumwagwa. Lilimwagwa kwa tabaka, bila kuachia nafasi hata ya sisimizi, na Daktari Stanislas alikuja kila mara kuligonga kwa vidole kama anayepima kifua cha mgonjwa. Kuta zilipofika kiunoni, kreti lenye mwili wa mashine likashuka kwenye uwanja wa ndege wa Luano. Kobalti yenyewe ilikuwa bado. Walioiuza walisema hawataituma mpaka mtu wao aje apime kuta na kuridhika. Kwa hiyo kreti liliwekwa ghalani Luano, likafunikwa turubali, likangoja kuta.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Ilianguka kama mtu aliyesukumwa. Katika miezi michache saruji ikawa kitu cha kuombwa kwa magoti, na ile iliyokuwa imerundikwa hospitalini chini ya mahema ikaanza kutazamwa na watu wengi.

Aliyekuja kuichukua hakuja kwa siri. Alikuja saa nne asubuhi na malori, amevaa abakosi ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa Citoyen Mwilambwe, maana wote tuliamriwa kuitana citoyen, yaani raia; mkubwa aliyesimamia majengo ya serikali katika jimbo, mtu mwenye sauti ya upole.

"Simenti hii inaenda Karavia," alisema. "Kwa muda kidogo."

Daktari Stanislas alitoka mbio kutoka chumba cha upasuaji, glavu bado mikononi.

"Karavia kuko hospitali gani, Citoyen?"

"Docta, unapinga?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Swali hilo katika miaka ile lilikuwa na milango mingi nyuma yake, na hakuna hata mmoja uliotokea mahali pazuri. Daktari alivua glavu. Malori yakapakiwa. Citoyen Mwilambwe akawageukia waashi, akawauliza nani kati yao anataka kuendelea na kazi.

Abibu alinyoosha mkono. Wenzake walinyoosha pia, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

Huko Karavia, mtaa wa wakubwa, walijenga nyumba ya Citoyen Mwilambwe, yenye baraza pana, sebule ya kuchezea dansi na bwawa la kuogelea. Kuta za sebule mwenyewe alitaka ziwe nene, apate ubaridi wakati wa joto, na Abibu alizimwaga kwa tabaka kama alivyozoeshwa na daktari, bila kuachia nafasi ya sisimizi. Kulthumu alimwuliza mara moja tu.

"Na ile nyumba ya mashine?"

"Itaendelea."

"Mugonjwa anangojeaka, Baba Rabia?"

Abibu alisema chakula kimepoa. Kulthumu akakichukua kwenda kukipasha moto, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka ilipita. Majani yaliota tena nyuma ya jengo la upasuaji, na masista wakaanza kuanika mashuka juu ya zile kuta zilizoishia kiunoni, kwa kuwa zilikuwa pana na zilipata jua.

Kulthumu aliugua katika mwaka wa sabini na saba. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kusahau mambo ya mwezi, na damu ilipoanza tena aliificha. Aliona haya. Alifua nguo zake kabla ya watu kuamka, akapunguza vitumbua, akasema ni miguu inamuuma. Rabia ndiye aliyegundua, alipokuta kitambaa kimesahauliwa kwenye beseni. Hakumwuliza mama yake kitu. Alimvisha kitenge kizuri, akamshika mkono, akampeleka hospitalini kama mtoto.

Daktari Stanislas alimpima, kisha akamwita Abibu aingie. Kansa ilikuwa kwenye mlango wa kizazi. Haikuwa imekwenda mbali, lakini kwa kisu isingetoka yote.

"Basi batatumia nini?" Abibu akauliza.

Daktari alimtazama kama asiyeamini kwamba swali hilo limeulizwa na mtu huyu. Akajibu polepole.

"Mionzi, fundi. Ugonjwa huu, namna hii, pahali hapa, njo ile inasikia mionzi zaidi. Tungelenga hapa." Aligusa tumbo lake mwenyewe, chini ya kitovu. "Kibofu tungekikwepa, matumbo tungeyakwepa. Bamama benye ugonjwa sawa huu, kule nilisoma, benyewe bengi balirudia kwabo kupika."

Kulthumu alikuwa amekaa kitandani, miguu haigusi chini. Alitazama dirishani, akaona mashuka juu ya kuta.

"Njo ile?" aliuliza. "Njo nyumba yangu ile?"

 Akamgeukia mumewe.

"Na simenti yake njo ile uliimwaga Karavia?"

"Mama Rabia..."

"Nimeuliza."

"Njo ile," Abibu akasema.

Kulthumu hakupiga kelele. Alishuka kitandani, akafunga kitenge chake, akatoka na binti yake. Siku zilizofuata alimpikia mume wake, alimwekea maji ya kutawadha, lakini hakumsemesha. Nyumba iliyokuwa ikisikika barabara ya pili ilinyamaza, na sisi majirani tulijua, kwa ukimya ule, kwamba mambo yameharibika.

Abibu alikwenda Karavia. Alivaa kanzu yake ya Idi na kofia safi. Citoyen Mwilambwe alimpokea vizuri, akaagiza aletewe Fanta, akamkalisha kwenye sebule ile yenye ubaridi. Abibu alieleza yote, macho chini. Wapo wagonjwa waliopelekwa Ulaya kwa mapendekezo ya wakubwa. Alikuwa anaomba neno moja tu, mke wake naye apelekwe mahali penye mashine.

"Pole sana, fundi," Citoyen Mwilambwe akasema, na kwa kweli alionekana kuhuzunika. "Bantu beko bengi banaomba. Nitaangalia." Kisha akapapasa ukuta nyuma ya kiti chake. "Lakini wee ni mwashi! Joto yote ya mwezi wa kumi, humu sisikii kitu."

Abibu alikunywa Fanta yote kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kuibakiza. Alitembea kwa miguu mpaka Kamalondo. Alipofika alimkuta Kulthumu ameketi jikoni anapepeta mchele, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hospitalini, Kulthumu akamsemesha.

"Amesema nini?"

"Amesema ataangalia."

"Anaangalia sana, yule." Aliweka ungo chini. "Sikia, Baba Rabia. Usinililie. Sitaki machozi yako. Enda umalize ile nyumba."

"Simenti haiko. Na hata nikiimaliza, kobalti itakawia. Wewe..."

"Nimesema umalize. Miye peke yangu njo nina kizazi? Rabia hana? Bana ba Rabia hawatakuwa nacho?" Akainua ungo tena. "Ulinyoosha mukono mbele ya bantu. Unyooshe tena."

Ndivyo Abibu alivyorudi kwenye kuta zake. Tangu siku hiyo kila aliyemwita kujenga uzio au choo alijibiwa kwamba malipo yawe saruji. Watu walimshangaa, kisha wakaelewa. Siku za Ijumaa baada ya sala, na Jumapili mchana kutwa, alikuwa nyuma ya jengo la upasuaji, anachanganya zege kwa koleo. Mara ya kwanza alikuwa peke yake. Jumapili iliyofuata akatokea Symphorien, mwashi mwenzake, Mkatoliki ambaye baba yake aliletwa kutoka Kongolo kutandika reli. Symphorien naye alikuwa amenyoosha mkono siku ya malori.

"Nimetoka misa," alisema, akikunja mikono ya shati. "Nipe koleo."

Wakaja wengine. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa njia ya Kasomeno alileta nondo bila kusema zimetoka wapi. Msikiti ulichanga. Kwaya ya parokia ilichanga. Daktari Stanislas alirudi kugonga zege kwa vidole, na baadhi ya siku alivua koti jeupe akabeba mchanga. Kuta zilipanda kutoka kiunoni hadi kifuani.

Ugonjwa pia ulipanda. Ulichukua kibofu, kisha ukachukua miguu, ambayo ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Kulthumu aliacha vitumbua kabisa. Alinuka, na alijua kwamba ananuka, na hilo lilimuumiza kuliko maumivu, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa udi na marashi. Rabia alifukiza chumba asubuhi na jioni. Maumivu yalipokuja, Kulthumu alimtukana Citoyen Mwilambwe kwa jina, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Katika miaka ile jambo hilo lingeweza kuleta watu wa usalama wenye miwani myeusi. Abibu alitaka kufunga mlango.

"Wacha wazi," Kulthumu akasema. "Batanifanya nini? Bataniua?"

Katika kiangazi cha mwaka uliofuata aliomba apelekwe aone kazi. Symphorien na Abibu walimbeba juu ya kiti mpaka kwenye ujia wenye kona. Alipapasa zege.

"Iko baridi," alisema.

Alitaka kujua angelala wapi. Daktari Stanislas akamwonyesha mahali pa kitanda, na juu yake mahali kitakapokaa kichwa cha mashine, na akaeleza tena jinsi mionzi ingelengwa, hapa na si pale. Kulthumu alisikiliza kwa makini kabisa, kama mtu anayepewa maelekezo ya safari. Juu hakukuwa na dari, kulikuwa na anga.

"Basi, docta," alisema mwishoni. "Nimeona."

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Alizikwa kwa taratibu zetu, mchana, na watu walikuwa wengi, Waislamu na Wakristo, na wale wote aliowahi kuwatukana kwa kutonunua vitumbua. Abibu alishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Alipopanda alikuwa na udongo mwekundu kwenye ndevu, na hakuufuta mpaka jioni.

Tulidhani ataacha. Ijumaa baada ya arobaini alikuwa kule, na koleo.

Mwaka huo ulikuwa wa vita vya Kolwezi, na baada yake mambo mengi yaligeuka. Daktari Stanislas alihamishiwa Kinshasa, na kutoka Kinshasa tulisikia amevuka kwenda zake Ulaya. Aliaga vibaya, kwa haraka, akiwaambia waashi kwamba mwingine atatumwa mahali pake. Hakutumwa. Mafundi wakamwaga dari bila daktari wa kuligonga, unene uleule, wakipokezana ndoo juu ya ngazi za miti, na lilipokauka Abibu alipanda akasali rakaa mbili juu yake.

Nyumba ya mashine ilikuwa imekwisha. Hospitali ikamtuma Edouard, msimamizi wa vifaa, aende Luano kuleta kreti. Abibu aliomba kwenda naye.

Turubali lilikuwepo. Kreti lilikuwepo pia, mbele limesimama sawasawa, na mihuri yake. Edouard alizunguka nyuma. Mbao za nyuma zilikuwa zimebanduliwa na kuegeshwa tena. Mashine ya kutibia kwa kobalti huwa na risasi nyingi kichwani, yale madini mazito yanayozuia mionzi isitoke ila kwenye tundu moja linalolengwa. Kichwa kile kilikuwa kimepasuliwa kama nazi. Risasi yote haikuwemo. Nyaya nazo hazikuwemo, wala kitanda.

Mlinzi wa ghala alikuwa mzee, na hakujisumbua kudanganya.

"Babaa, ilikaa hapa myaka. Hakuna mutu alikuya kuiulizia. Risasi bavuvi ba Kasenga banaipenda, kwa kufunga mu nyavu, zizame."

Edouard alikaa juu ya ubao. Abibu alibaki amesimama, ameingiza mkono katika lile tundu.

"Tutashitaki," Abibu akasema. "Si kweli? Mutu anashitakiwa."

"Nani atashitaki nani, fundi?" Edouard akasema. "Twende. Motokari ina mafuta kidogo."

Mashine nyingine haikuagizwa. Wanawake waliendelea kuja na damu zao na haya zao, na daktari mpya aliwapa vidonge vya maumivu pale vilipokuwepo. Chumba kilijazwa vitanda vilivyovunjika, na baadaye makaa ya jikoni, na kwa kuwa hakikuwa na hewa, uongozi ukaamua kitobolewe dirisha. Walimwita Abibu kwa kuwa alilijua jengo. Alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukataa kazi.

Wakamchukua mwashi kijana kutoka Katuba. Siku nzima alipiga nyundo, ukuta ukatoa vumbi tu. Jioni alikuja Kamalondo, viganja vimepasuka, akasimama mlangoni kwa heshima.

"Baba, samahani. Banasema wee njo ulijenga. Mulitia nini mule ndani? Patasi yangu imevunjika. Nikikosa kuitoboa, banatia mutu mwingine, na nyumbani kuko batoto."

Rabia alitaka kumfukuza. Abibu alimzuia kwa mkono. Alimtazama kijana yule, akaingia ndani, akatoka na patasi yake nzito ya chuma cha reli.

"Usipige katikati," alimwambia. "Anzia pale ku kona ya couloir, ile njia ya kuingilia, juu kidogo, pale tulisimamisha kazi mwezi Mama Rabia alikufa. Zege ya kale na zege ya mupya hazikushikana muzuri. Piga pale. Itakubali."

Kijana alishukuru kwa mikono miwili, akaondoka. Abibu akamwomba Rabia maji ya kutawadha, maana jua lilikuwa linazama.